Magari Mawili kwa Mkono Mmoja

Mume wangu aliendesha gari la porini miaka yote ya kazi yake, na siku hizi ukimuuliza kama anataka uji anakujibu, "Marahaba." Ukimuuliza kama amejikojolea, "Marahaba."

Naanza na hilo kwa sababu ndilo watu wanalolicheka, na sina haja ya kuficha, hata mimi nilicheka. Kiharusi kilimkuta anavaa kiatu. Kilichukua mkono wa kulia wote, kikachukua mguu nusu, kikakomba maneno kama mtu anavyokomba sufuria, kikasahau hilo moja chini. Mgeni anaingia, anasema shikamoo mzee, naye anaitika marahaba kwa sauti yake ileile nene. Mgeni anafurahi. "Kumbe anaongea vizuri!" Halafu anamuuliza, "Unanikumbuka lakini?" Marahaba. "Mguu unauma?" Marahaba. Hapo mgeni ananigeukia mimi polepole, na mimi namletea kiti.

Tunakaa Igogo, juu kidogo, kwenye mawe, ziwa tunaliona chini. Nyumba imejengwa kwa udereva wake na dagaa wangu, na sitaki mtu aseme ni ya mume peke yake. Nyuma ya jiko kuna jiwe pana kama sakafu ya kanisa, na jiwe hilo limesomesha watoto. Dagaa nawaanika pale asubuhi, mchana wanalia ukiwagusa, jioni wako kwenye gunia. Binti yangu ni nesi, yuko Ulaya. Mdogo wake wa kiume yuko Dar, bandarini. Wajukuu wanaongea Kiingereza hata wakiota ndoto. Mimi niliishia darasa la nne. Nasema haya ili ujue kwamba yule mzee anayekaa barazani akifutwa mate kwa kitambaa hakuokotwa njiani. Alikuwa dereva wa kiwanda cha kuchambulia pamba, na msimu wa pamba ukifika vijiji vyote vya kule kupita Kisesa vilijua mlio wa gari lake kabla hawajaona vumbi.

Gari lenyewe unalijua hata nisipolitaja jina. Lile la zamani, la pembepembe kama kabati, taa mbili zimekaa karibukaribu kama macho ya bundi, tairi la akiba limelala juu ya boneti. Virungu vya gia vitatu, na mtu mwingine akikaa pale hajui ashike kipi. Lilipita kwenye tope la mbuga ambalo hata ng'ombe walikuwa wanakataa. Alibeba mizani, alibeba mbegu, alibeba bwana shamba aliyekuwa anatapika kila kona. Na mimi nililipanda siku moja tu kwa raha ya kulipanda. Mara nyingine nililipanda kwa uchungu, mtoto amekwisha kugeuka tumboni, kutoka kwa wakwe zangu Kisesa kwenda hospitali. Binti yangu alizaliwa tumefika getini, mimi nimelala nyuma juu ya magunia ya pamba. Baba yake alishika usukani kwa mkono wa kulia, wa kushoto akanyoosha nyuma kunishika mguu, akisema, "Bado kidogo, bado kidogo," sijui alikuwa ananiambia mimi au gari.

Kwao ni wafugaji. Dume la kulimia hulifungi jembe kabla hujaliwekea mkono mgongoni likujue. Na gari alilifanyia hivyohivyo. Asubuhi kabla ya kuwasha aliweka kiganja cha kulia juu ya boneti, akangoja, ndipo akapanda. Alilipa na jina la dume la baba yake. Wenzake walimtania.

"Limekuitikia leo?"

"Linaitika kuliko mkeo."

Kiwanda kilipofungwa gari liliuzwa chuma chakavu. Walilikatia palepale uani kwa moto wa gesi. Alikwenda kuangalia, akarudi, akaoga, akalala mchana. Hakulizungumzia tena, na mimi si mtu wa kuchokonoa.

Sasa mkono. Hospitali kuna binti wa mazoezi, mwembamba, lakini ana vidole vya nguvu kama mpasua samaki. Alimnyoosha mzee, akamkunja, akamnyoosha tena, halafu akaniita pembeni.

"Bibi, nikwambie ukweli au nikufariji?"

"Faraja naipata kanisani. Sema."

"Mguu utamtembeza tembeza. Mashaka yako kwenye mkono. Kiganja kisipopewa kazi miezi hii ya mwanzo kinajikunja. Kikishajikunja kikakauka, ndiyo basi. Hakifunguki tena."

Akanipa mpira mdogo wa kuminya. Mzee aliuchukua kwa mkono wa kushoto, akautupa, ukateremka mawe mpaka uani kwa jirani. Nikamletea mahindi apukuchue. Akaniangalia kama nimemfunga kanga kichwani. Nikamletea maharage achambue, akayaacha kwenye sinia mpaka kuku wakaja. Kutwa alikuwa anaangalia barabara ya chini, magari yanayopita kuelekea mjini, na mkono ule uko mapajani kama kitu cha mtu mwingine alichoombwa akishike.

Niliwaambia watoto kwa simu, kila mmoja kwa wakati wake, maneno yaleyale: baba yenu hataki kazi yoyote ya mkono, anataka magari tu. Hawakuulizana. Kila mmoja akatuma gari.

Sikuwa najua kwamba duniani kuna kitu kama hicho. Gari la plastiki dogo la kukaa mezani, limefanywa vipandevipande makusudi, unanunua upate tabu ya kuliunganisha mwenyewe. Na yote mawili yalikuwa ni lile gari. Lilelile.

La kijana lilitangulia, kwa basi kutoka Dar. Boksi kubwa linang'aa, ndani vipande vikubwa, vingine vinajaa kiganja. Rangi ya kijani imo ndani ya plastiki yenyewe, hupaki kitu. Halina gundi. Unachukua kipande, unakibana kwenye tundu la mwenzake, kinasema ta, kimekaa. Matairi yake ni plastiki ngumu, yamefinyangwa pamoja na rimu, ukiligonga sakafuni linalia kama kikombe. Mlango ni mchoro tu, haufunguki.

La binti lilikuja baadaye, limefungwa kwa karatasi nyingi kama keki ya harusi. Lote ni la kijivu. Vipande vimeshikana kwenye fremu, vijiti vyembamba huku na huku kama mifupa ya sato iliyobaki kwenye uti, na kila kimoja kina kinamba chake. Unakikata kwa wembe. Kuna gundi inayochoma pua, kuna rangi kwenye vichupa kama vya dawa ya macho. Lakini ukiangalia, unaogopa. Springi za chini zimechongwa jani moja moja. Kuna vishikio vya milango. Kuna vile virungu vya gia, vyote vitatu, kila kimoja kama mguu wa panzi. Matairi ni mpira kweli, laini, yana vijino vya kushikia tope. Na la akiba liko juu ya boneti.

Karatasi za maelekezo, ya kijana na ya binti, hazina maneno. Picha, namba na mishale. Hilo lilinifurahisha kuliko nilivyomwambia mtu yeyote, maana karatasi nyingi zilizoingia kwenye nyumba hii nimengoja mtu aje anisomee.

Binti wa mazoezi alikuja nyumbani kutuona, nikampangia yote mawili mezani. Hakufikiri hata kidogo.

"Hili la kijani, bibi. Vipande vikubwa, anabana, anaachia, ndiyo kazi ninayoitaka. Hilo la kijivu hata mimi lingenishinda. Atakata tamaa."

Nikamsogezea mzee sinia, vipande vya huku upande huu, vya kule upande ule. Alichukua dashibodi ya gari la kijani kwa mkono wa kushoto, akaigeuza, akaisogeza karibu na macho. Akairudisha. Akachukua ya kijivu, akaigeuza. Hiyo hakuirudisha. Aliiweka mapajani, halafu akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu augue: aliuinua mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, taratibu, kama unavyomhamisha mtoto aliyelala, akauweka juu ya boneti la kijivu.

Mimi nilichelewa kuelewa. Niliyaangalia yale magari siku nzima nikiyapima kama mtu anayepima samaki wawili sokoni, ndipo nikaona. La kijana lina usukani kushoto. Limetengenezwa kwa ajili ya nchi za watu.

Jioni hiyo watoto walinikalia kwenye simu, nesi upande mmoja, bandari upande mwingine.

"Mama," kijana anasema, "hilo la dada ni la watu wenye vidole vya kushonea. Mpe baba langu apone kwanza, urembo baadaye."

"Mwambie huyo," dada yake naye, "baba hajawahi kuendesha gari akiwa amekaa kiti cha abiria."

"Kwani anakwenda nalo Magu? Ni zoezi, dada! Zoezi!"

"Wewe ulizaliwa hospitali, kitandani, hulijui lile gari."

"Haya, wewe uliyezaliwa kwenye pamba!"

Niliwaambia wanyamaze wote, chakula kinaungua. Hakikuwa kinaungua. Nilikuwa najua kijana ana haki na binti ana haki. Mkono ulihitaji lile jepesi. Mwenye mkono alilitaka lile la kwake. Na mkono huwezi kuuita peke yake ukamwacha mwenyewe barazani.

Tukaanza la kijivu. Mimi nakata kwa wembe, nasugua, napaka gundi. Yeye anashika. Gundi ile inataka vipande vishikwe pamoja bila kucheza mpaka ishike, kwa hiyo nilikuwa naingiza kipande katikati ya kidole gumba chake na cha pili, naifunga mikono yangu juu ya wake, naimba beti moja la wimbo wa kanisa. Beti likiisha, tunaachia. Mara ya kwanza, nikiachia, vidole vinafunguka kama mdomo wa samaki na kipande kinaanguka. Tunakitafuta chini ya meza. Tunaanza tena. Mchana wote beti lilelile moja, mpaka jirani akaniuliza kwa nini siku hizi sifiki la pili. Na yeye mzee akawa anavuma nalo, bila maneno, ananifuata vizuri tu. Maneno yaligoma, wimbo ulikuwemo.

Wifi yangu, dada yake mzee, alikuja kutoka Kisesa kunisaidia, maana mimi lazima niende mwaloni, mitumbwi inakoshusha, kuchukua dagaa, na mzee huwezi kumwacha na jiko linalowaka. Wifi ni mtu wa jembe, hana mchezo.

"Bebe, wewe wifi, kaka yangu mmemgeuza mtoto wa chekechea?"

"Ni dawa hiyo, wifi."

"Dawa gani ina matairi?"

Lakini alikuwa anakaa pale pale, anaangalia. Akiona kipande kimeanguka, wa kwanza kuinama ni yeye.

Siku ya usukani sitaisahau. Usukani wenyewe ni mdogo kama kifungo cha shati. Niliupaka gundi, nikamshikisha, nikafunga mikono yangu, nikaimba. Katikati ya beti nikasikia kitu ndani ya mikono yangu, kama kuku anavyosogea chini ya kikapu. Nikaachia mkono mmoja. Nikaachia wa pili. Kidole gumba kilikuwa kimeshika. Chenyewe. Kinatetemeka, kucha imekuwa nyeupe kwa kubana, na usukani umesimama pale pale, upande wa kulia, unapotakiwa kuwa. Wifi alisimama na upawa mkononi. "Mayo, mama yangu!" akasema. "Ameshika!" Mzee akatuangalia wote wawili kwa zamu, akasema "Marahaba," na mara hiyo lilikuwa jibu la kweli.

Binti wa mazoezi tulipomwonyesha aliuangalia mkono muda mrefu. Aliniambia nisipige vigelegele bado, lakini nisiache hata siku moja. "Huu mlango umefunguka kidogo, bibi. Usiuache upepo uufunge."

Tulikuwa tumebakiza kupaka rangi bodi. Boneti, paa, milango, na chasi ndefu ya chini. Mzee alinyooshea kidole kichupa cha rangi anayoitaka, ya majani yaliyokauka, tukapaka, yeye ameshika brashi kwa mkono wa kulia na mimi nimeushika mkono. Rangi ilitoka na mawimbi lakini tulipaka. Sasa ilikuwa wakati wa mvua. Ndani ya nyumba unyevu mtupu, rangi haikauki. Siku ya kwanza inanata. Siku ya pili inanata, ukigusa unaacha alama ya kidole. Mzee kila saa ananinyooshea kabati, nimletee aone, nami nasema bado, bado.

Asubuhi moja mvua ikakatika, likatoka lile jua la baada ya mvua, jeupe, la kupasua mawe. Mimi nilishafika mwaloni, dagaa walikuwa wengi, nikachelewa. Narudi na ndoo kichwani, wifi amesimama mlangoni anatabasamu.

"Wifi, nimewasaidia. Nimeanika gari lenu."

Niliuliza wapi. Niliuliza tu, jibu nilikuwa nalo.

Alikuwa ameweka bati jeusi juu ya jiwe, bati lile la kuwahisha dagaa kukauka, akapanga vipande kimoja kimoja, vimeachana vizuri, na akavigeuza katikati ya asubuhi ili vikauke pande zote. Kazi safi, kama ningeifanya mimi. Boneti lilikuwa limejikunja kama ngozi ya samaki kikaangoni. Paa limezama katikati. Milango imepinda, mmoja huku, mwingine kule. Chasi, ile tuliyoishikilia kwa beti kumi na beti tena, ilikuwa imejinyonga kama mkia wa kenge, springi zimelala. Matairi peke yake ndiyo yalikuwa mazima, ya moto tu.

"Wifi," nikasema, "umefanya nini?"

"Nimeanika. Kitu kibichi kinaanikwa wapi?"

Nikatua ndoo. Kwenye kilima hiki kila kitu kibichi kinakwenda kwenye lile jiwe: dagaa, mihogo, sare za shule, godoro la mtoto aliyekojoa. Hata mimi ningekuwa nyumbani asubuhi ile, na jua lile, na mzee ananinyooshea kabati, nani anaweza kuapa? Alipoona uso wangu ndipo akaangalia bati vizuri. Akavigusa vile vipande kimoja kimoja, akijaribu kuvinyoosha kwa kidole. Halafu akavikusanya kwenye sinia, akampelekea kaka yake mwenyewe. Hakunitanguliza mimi. Hilo nilimheshimu.

"Kaka, nimeharibu," akamwambia.

Mzee aliangalia sinia. Nikasema, "Tutarekebisha, mzee." Akasema marahaba, chinichini, kama mtu aliyesalimiwa na mtoto wa mbali.

Kijana wangu kwenye simu akasema plastiki ikipindwa na joto inarudishwa na joto, tumbukiza kwenye maji ya moto halafu nyoosha. Nikachemsha maji. Nikatumbukiza boneti kama natumbukiza kuku wa kunyonyoa, nikalitoa kwa kijiko, nikalinyoosha. Likanyooka hapa, likavimba pale. Nikatumbukiza tena. Mara ya tatu lilikuwa halifanani na kitu chochote kilichowahi kutembea. Nikaacha.

Binti yangu alisema atatuma lingine kama lile. Akasema litachukua muda, huko linakonunuliwa lilikuwa limekwisha. Binti wa mazoezi akasema msingoje, leteni lile la kijani, leo, sasa hivi.

Tukalileta. Kila kitu alichosema kijana kuhusu gari lake kilikuwa kweli. Vipande vinajaa mkono, vinaingia vyenyewe, mtoto angelimaliza kabla ya chakula. Mzee hakukigusa hata kimoja. Nilimshikisha, akaachia. Nikamshikisha na kuimba, hakuvuma. Nikafikiri, ni usukani. Nikabana mwenyewe sehemu ya dereva, nikachukua wembe, nikaukata usukani kutoka kushoto, nikauhamishia kulia, nikaubandika kwa ile gundi ya gari la dada. Nikamwonyesha. Alichungulia dirishani mwa lile gari kwa jicho moja, kama alivyokuwa anachungulia gari la mtu kabla ya kulisukuma. Usukani ulikuwa kulia. Pedali zilikuwa kushoto. Saa za dashibodi zilikuwa kushoto. Alilisogeza kwa mkono wa kushoto mpaka upande wangu wa meza, taratibu, kama unavyomsogezea mtu sahani wewe umeshiba. Akageuza uso akaangalia ziwa.

Wifi alijaribu kumchoma. "Haya, kaka. Mkeo anaunganisha gari, na wewe dereva mzima unahesabu mitumbwi. Nikirudi Kisesa nitawaambia nini?" Zamani kwa maneno hayo angerusha kiatu. Nilibana vipande vyote vilivyobaki mwenyewe mbele yake, ta, ta, ta, nikitegemea wivu. Nilimaliza. Ni gari zuri. Linasimama juu ya friji.

Mkono ulianza kujikunja kwa kidole cha mwisho. Kikafuata cha pete. Wifi alikuwa anausugua kwa mafuta ya moto asubuhi na jioni, usiku halali, amekonda. Nilimwambia aache kujitesa, akaniambia nimwache na mkono wa kaka yake. Kidole gumba, kile kilichoshika usukani, kilikuwa cha mwisho. Kililala juu ya vingine kama mtu anayefunga mlango akiwa wa mwisho kutoka. Binti wa mazoezi alijaribu kukifungua, mzee akapiga kelele ya maumivu, na yule binti akaushusha mkono mapajani. "Ndiyo basi, bibi," akasema.

Boksi la binti yangu lilifika baada ya hapo. Lilelile, la kijivu, karatasi nyingi. Nililifungua mbele ya mzee. Sijui nilikuwa natafuta nini. Akaangalia boneti. Akaushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, akauinua, akauweka juu yake. Ngumi ikakaa pale kama jiwe juu ya gunia. Akangoja. Na mimi nikangoja, na wifi mlangoni. Halafu akauondoa mwenyewe, akaurudisha mapajani, machozi yanashuka upande mmoja wa uso, upande unaofanya kazi.

Binti alipopiga kuuliza tumefikia wapi nilimwambia ukweli, sijui kusema vingine. "Mkono wa baba yako umekufa, mwanangu." Akalia huko huko kwenye baridi yao. Boksi nimelifunga, liko juu ya kabati. Wifi amerudi Kisesa.

Sasa tatizo ni kucha. Ngumi imekaza mpaka kucha zinaingia kwenye nyama ya kiganja. Walinifundisha kuweka kitambaa kilichokunjwa ndani, lakini kitambaa kinalowa jasho, kinanuka, kinachubua. Nikakumbuka matairi. Yale ya mpira, ya lile gari lililoharibika, yalikuwa kwenye droo. Mawili yakipandana yanaenea pale ndani vizuri kabisa, hayanyonyi maji, yanaoshwa.

Kila asubuhi naloweka mkono wake kwenye maji ya vuguvugu, naulegeza kidole kwa kidole, nayatoa, nayasugua kwa sabuni na mswaki mpaka kwenye vijino, nakausha, nayarudisha. Namwambia, "Shikamoo, dereva." Siku hizi hata hilo haliitikii kila mara. Nikishamaliza nageuza kiti chake kidogo, jua lisimpige machoni, naenda kuanika dagaa.

Yale mengine mawili, pamoja na la akiba, nimeyaweka kwenye kikombe kabatini. Haya yakichakaa, yapo.